Chai ya Mwenyekiti

Duke alikuja kuichukua pikipiki akiwa ameshavaa helmeti. Hakuivua hata alipoinama kupita mlangoni, akagonga kizingiti, kisha akasalimia kwa sauti ya mtu aliyetumbukia mtungini.

Binamu yake Angwenyi alikuwa kwenye kiti cha plastiki, mguu wa kulia umelazwa juu ya debe, mweupe kwa plasta kuanzia pajani hadi vidoleni. Aliuvunja akirudi kutoka ufuo wa Kisegi na gunia la omena, wale dagaa wa ziwani. Omena walifika Migori salama. Mguu ndio uliochelewa. Pikipiki nayo ilikwaruzwa tanki tu, na tangu siku hiyo ilikaa sebuleni, kati ya kochi na kabati la vyombo, kama mgeni wa heshima ambaye hakuna anayethubutu kumuuliza ataondoka lini.

"Kaka, nimekuja," Duke akasema.

"Nakuona. Toa hiyo kitu kichwani."

"Nimezoea tu. Sasa sikia. Pale steji wamekaa leo asubuhi. Kizibao chako kikilala nyumbani mpaka mwezi uishe, nafasi inapewa mwingine. Lazima mtu wa nyumba hii akae pale, wa damu ama wa ndoa." Akajigonga kifuani. "Mimi ni damu."

Maneno hayo hayakuwa mageni. Steji ya Posho Mill, hapo Suna, ilikuwa na vizibao vya kijani ambavyo havikuongezeka wala kupungua. Mwanaboda mwenye kizibao alipata abiria wa sokoni na wa zahanati akiwa amekaa kivulini. Asiye nacho alifukuzwa kona hadi kona kama mbwa wa bucha, na pikipiki yake ilikuwa chuma tu cha kula mafuta. Angwenyi alikuwa amengoja kizibao hicho tangu binti yake Joyline hajaota meno.

Mkewe, Edinah, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Alimtazama Duke kuanzia helmeti hadi viatu. Duke aliwahi kuazima jembe, likawa lake. Akaazima redio, ikajifunza kuongea kwake. Koti la harusi la Angwenyi nalo limeonekana kwenye harusi za watu ambao hata ukoo haujulikani.

"Umesema wa damu ama wa ndoa?" Edinah akauliza.

"Ndiyo, shemeji. Ndiyo sheria ya steji."

"Basi mimi ni wa ndoa."

Duke akacheka ndani ya helmeti, kioo cha mbele kikaingia ukungu. Angwenyi hakucheka.

"Wewe? Mama Joyline, wewe hata baiskeli hujawahi kupanda."

"Na wewe hukuzaliwa ukiendesha."

"Mke wangu awe anabeba wanaume mgongoni?"

"Wanabebwa na mashini. Mimi nitaelekeza tu. Ama unataka Duke ndiye aelekeze, halafu jioni unitume kwake nikaombe unga?"

Angwenyi akautazama mguu wake kana kwamba ndio ulioulizwa. Edinah akaenda kwenye msumari ukutani, akatoa ufunguo, akaufunga kwenye pindo la leso kwa fundo ambalo hata meno ya Duke yasingelifungua.

"Shemeji, karibu chakula," akasema. "Lakini kula ukiwa na kichwa nje."

*

Kesho yake Edinah alikwenda mwenyewe kwenye steji. Wanaboda walikuwa wameegesha pikipiki zao mstarini, wakinywa chai kwenye kibanda cha Ruqia kilichoegemea ukuta wa posho mill. Onditi, ambaye mdomo wake uliamka kabla yake kila siku, ndiye aliyemwona kwanza.

"Nyar Kisii, binti wa Kisii! Twende wapi leo? Panda."

"Leo sipandi. Nimekuja kumwona mwenyekiti. Nataka kushika kizibao cha baba Joyline."

Mtu akapaliwa na chai.

"Kushika ama kufua?" Onditi akauliza, na kicheko kikapita mstarini hadi mwisho. "Wasee, steji imepata mama! Sasa abiria akilia atanyonyeshwa."

"Na wewe ulipomwingiza padri mtaroni," Edinah akasema, "ulinyonyeshwa na nani?"

Kicheko kikageuka upande. Onditi akainamia kikombe chake kama mtu aliyeona kitu ndani.

Mwenyekiti Suleman alikuwa ameketi pembeni, ndevu zake zimetiwa hina, mtu wa maneno machache. Hakucheka wala hakukasirika. Alimngoja kila mtu anyamaze.

"Leseni?"

"Ya kujifunzia nimeshaiomba, mzee."

"Unajua kuendesha?"

"Bado."

"Vizuri. Wengi wanaokuja hapa huniambia wanajua." Akakung'uta makombo ya mandazi mapajani. "Sheria ni ile ile. Utanibeba."

Kila aliyekaa steji ya Posho Mill alikuwa amembeba mwenyekiti. Mwenyekiti hupanda nyuma na bilauri ya chai ya Ruqia, imejazwa mpaka mdomoni, bila kifuniko. Mnashuka bondeni hadi darajani, mnapanda kilima mpaka kwenye tangi la maji, mnageuza, mnarudi. Chai ikirudi ndani ya bilauri, hata funda moja, kizibao ni chako. Bilauri ikirudi tupu, unashukuriwa na kurudishwa kwenu. Onditi alirudisha nusu, na bado alikuwa akiisimulia. Inasemekana Angwenyi alipombeba mwenyekiti, chai ilirudi na utandu wake wa maziwa juu haujapasuka, na nzi mmoja aliyekuwa ametua ukingoni alifika akiwa bado amesinzia.

"Njoo Jumamosi ya mwisho wa mwezi," Suleman akasema.

"Jumamosi ni Sabato, mzee. Siwezi."

"Basi Ijumaa, baada ya..." Akajishika ndevu. "Hapana. Ijumaa mimi niko msikitini."

"Jumapili!" Onditi akadakia.

"Jumapili wewe si huwa misa?" Ruqia akamuuliza huku akipanga bilauri. "Ama hiyo ni ya kumwambia bibi yako tu?"

Ikabaki Jumatatu, siku ya soko, wakati barabara ya Posho Mill hujaa mikokoteni, ng'ombe, na watu waliobeba magodoro vichwani.

"Watu watakuwa wengi sana, mzee," Edinah akasema.

"Watakuwa wengi," Suleman akakubali. "Lakini ni siku ambayo hakuna dini inayoidai."

*

Masomo yalianzia uani, pikipiki ikiwa juu ya stendi kubwa, gurudumu la nyuma likining'inia hewani. Angwenyi alifundisha akiwa kwenye kiti chake cha plastiki, akiashiria kwa mkongojo.

"Klachi! Hiyo ni breki. Klachi iko kushoto. Kushoto! Huko ni kushoto kwangu."

"Basi kaa upande mmoja na mimi."

"Bonyeza. Kanyaga gia. Sasa achilia polepole, na uvute mafuta kidogo. Kidogo, mama Joyline, huvuti ng'ombe!"

Gurudumu likanguruma hewani. Upepo wake uliangusha nguo kwenye kamba, na kuna mbuzi mmoja hapo Suna ambaye, mpaka leo, akisikia pikipiki ikipigwa kiki hupanda juu ya banda. Majirani walikuja kutazama. Edinah alikaa wima juu ya mashini inayopiga kelele na isiyokwenda popote, jasho likimtoka.

"Mama Joyline, umefika wapi?" wakamuuliza.

"Napita Rongo."

"Tusalimie Homa Bay!"

Alijibu utani kwa utani, lakini mikono ilikuwa ikisoma. Hata akipika, vidole vya kushoto vilikuwa vikibana hewa. Kanisani, mhubiri aliposema geuka, mguu wake ulitafuta breki. Petroli ya kujifunzia ilinunuliwa kwa chupa ya soda, kwa pesa ya mafuta ya kupikia, na Joyline akala sukuma ya kuchemsha akitazama sahani yake kama mtu anayesoma habari mbaya.

Kisha wakashuka chini. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na kichochoro cha vumbi, kipana kidogo, kinachoteremka. Upande wa kushoto ulisimama ua wa michongoma wa mama Bitutu, shemasi wa kanisa lao. Upande wa kulia ulikuwa ukuta wa ghala la Ahmednur, muuza nafaka. Edinah alivaa suruali ya mumewe ndani ya rinda, akaifunga kiunoni kwa kamba. Akapiga kiki, akaingiza gia, akaachilia klachi kama alivyofundishwa. Pikipiki ikaondoka vizuri, ikayumba kidogo, na mara Edinah akawa ndani ya michongoma.

Akaisukuma pikipiki kurudi juu, kwa kuwa kukata kona hakujafundishwa. Akaanza tena. Michongoma. Akaanza tena. Michongoma ikampokea kama ndugu.

"Unaogopa!" Angwenyi akapiga kelele kutoka juu.

"Siogopi!"

"Mtu asiyeogopa haendi kwa miiba kila mara!"

Jioni Joyline alimtoa mama yake miiba viwikoni kwa pini. Siku ya Sabato, wakati wa matangazo, mama Bitutu alisimama na kuomba kanisa liwakumbuke wanawake wa siku hizi, ambao wamesahau rinda liliumbwa kwa kazi gani. Hakutaja jina, ila shingo zote ziligeuka. Edinah alikuwa na mwiba mmoja uliosahaulika kalioni. Aliimba wimbo uliofuata kwa sauti kubwa kuliko mwalimu wa kwaya, na hakuketi mpaka wimbo ulipoisha.

Mwezi nao ulikuwa unakwisha. Duke alipita kila jioni kumjulia hali mgonjwa, na kila alipopita alizipima kwa macho tairi za pikipiki. Jioni moja, baada ya Edinah kuingia uani akiwa na mchirizi wa damu shavuni, Angwenyi aligeuza uso.

"Mpe Duke ufunguo," akasema.

Edinah alinawa uso kwenye karai. Akajikausha kwa upande mmoja wa leso. Upande wenye fundo hakuugusa.

"Ukipona utampa mwenyewe," akasema. "Kama bado utakuwa na cha kumpa."

*

Mama Bitutu alikuja asubuhi ya Jumapili, ameshika tawi la mchongoma lililovunjika kama shahidi anayeletwa mahakamani.

"Mama Joyline, mimi sikuja kwa ubaya."

"Karibu, mama. Keti."

"Siketi. Nimekuja kwa sababu ya ua wangu. Umebaki matundu. Kuku zangu zimeanza kuhama dini." Akamgeukia Angwenyi. "Na wewe mwalimu, nataka kukuuliza. Kwa nini ni mimi tu? Ukuta wa Ahmednur uko pale pale. Haujaguswa hata vumbi lake. Huyu mama anaangukia kwangu kila siku, kushoto, kushoto, kushoto. Mimi na yeye tuna kesi gani?"

"Hana mizani," Angwenyi akasema.

"Mizani anayo. Nimemwangalia dirishani wiki nzima, hata ugali umeniungulia. Huyu haanguki." Bitutu akalitupa tawi chini. "Huyu anashuka."

"Anashuka vipi?"

"Anashuka! Pikipiki ikitikisika kidogo tu, anakusanya miguu yote miwili, anaruka kushoto, na mkono anashikilia rinda. Kama mimi nikifika kanisani. Kama mtu amefika na anataka kulipa."

Edinah alitazama miguu yake. Akaiona barabara yote aliyowahi kupita nyuma ya pikipiki, tangu usichana, amekaa upande kwa sababu ya rinda, miguu yote ikining'inia kushoto mbali na ekzosi. Akakumbuka jinsi mwili ulivyojua, kabla hata ya dereva kusimama, kwamba mwendo ukipungua na chombo kikiyumba, kazi ya mama ni kuruka.

"Aki ya nani," akasema polepole. "Mimi ni abiria."

Angwenyi alikuwa amefungua mdomo. Yeye ndiye aliyembeba miaka yote hiyo. Mara ngapi alihisi pikipiki imekuwa nyepesi ghafla, akageuka, akamkuta mkewe ameshasimama barabarani akinyoosha rinda?

"Dereva hashuki kama abiria bado yuko juu," akasema, zaidi kwa nafsi yake. "Akishuka, anamwua mtu. Huyu anahitaji mtu nyuma."

Wote wawili wakamtazama mama Bitutu, ambaye alikuwa mwanamke wa kujaa mlango.

"Msiniangalie mimi," Bitutu akasema. "Mimi ufufuo nausubiri nikiwa mzima."

Angwenyi akanyoosha mkono, akachukua mikongojo yake.

"Itoe nje," akamwambia mkewe.

Plasta haikukunjika. Kupanua miguu hakungewezekana hata kwa maombi. Ilibidi akae upande, kama mke wake alivyokaa miaka yote, mguu mweupe umenyooka mbele yake kama mti wa hema, mkono mmoja kiunoni mwa Edinah, mwingine umekumbatia mikongojo. Majirani walitoka wote. Hata waliokuwa wamelala walitoka. Duke, ambaye hakuwahi kukosa mahali asipohitajika, alikuwa amesimama kichochoroni na helmeti yake.

"Jameni!" akaita. "Kaka ameolewa!"

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika ukuta. Edinah aliuhisi mkono wa mumewe ukikaza kiunoni mwake. Alijua uso wake ulivyo bila kugeuka: ni uso ambao Angwenyi alitembea nao kwenye steji, sokoni na kanisani, uso wa mtu ambaye chai yake ilirudi na utandu juu.

"Tushuke?" akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Nani amesema tushuke? Endesha."

Akapiga kiki. Gia. Klachi. Pikipiki ikaondoka na uzito wote huo, ikateremka, ikapita tundu la kwanza la michongoma, ikapita la pili. Mbele kulikuwa na jiwe. Gurudumu likateleza, usukani ukatikisika, na mwili wa Edinah ukaanza kujikusanya, magoti yakitafutana, mkono ukitaka rinda. Nyuma yake plasta iligonga chuma. Angwenyi alivuta pumzi kwa meno. Edinah akayatenganisha magoti yake kwa nguvu, moja huku, jingine kule, akalibana tanki kama mtu anayezuia mlango, akavuta mafuta. Pikipiki ikatulia.

Ua wa mama Bitutu ukaisha. Hakuwahi kuuona ukiisha.

"Kata kona!" Angwenyi akapiga kelele.

"Hujanifundisha kona!"

"Angalia unakotaka kwenda, si unakoogopa!"

Mbele ya ghala lake, Ahmednur aliwaona wanakuja, akaanza kuingiza magunia ya mahindi ndani moja moja, akisoma dua. Edinah akatazama kichochoro cha kurudi, akakitazama kwa ukali kana kwamba kinamdai, na pikipiki ikafuata macho yake. Walipanda kilima wakirudi, watu wakiwapisha, na safari hii hakuna aliyecheka ila Bitutu, aliyekuwa anapiga makofi kisha akakumbuka yeye ni shemasi.

Uani, Angwenyi alikaa kidogo kabla ya kushuka.

"Usimwambie mtu kwamba nilipiga kelele," akasema.

"Ulipiga kelele?"

"Hukusikia?"

"Nilikuwa kazini."

*

Jumatatu ya soko Ruqia alichemsha chai ya pekee, maziwa mengi, na akaijaza bilauri hadi ukingo ukavimba. Wanaboda wote walikuwepo. Angwenyi aliletwa kwa mkokoteni wa kubebea maji, mguu ukitangulia. Duke alisimama karibu na kizibao, kilichokuwa kimetundikwa kwenye msumari wa kibanda, karibu sana, kama paka aliyekaa karibu na samaki bila kumwangalia.

Suleman alipanda nyuma, akapanua miguu, akainua bilauri usawa wa ndevu.

"Bismillahi," akasema. "Twende."

Edinah alitoka pole. Helmeti ya Angwenyi ilikuwa kubwa, ikimcheza masikioni. Wakapita wauza viazi, wakapita mtu mwenye godoro kichwani, ambaye hakuona kitu na alitembea katikati ya barabara kama aliyeinunua. Edinah akamzunguka. Wakashuka bondeni. Darajani alipunguza, akasikia chai ikicheza kwenye bilauri, kisha ikanyamaza. Wakapanda kilima mpaka kwenye tangi la maji, akageuza huku akitazama anakotaka kwenda, na kwa mara ya kwanza akasikia mwenyekiti akishusha pumzi.

Kurudi ndiko kulikokuwa na ng'ombe.

Alikuwa fahali wa mnadani, ametoroka na kamba yake. Alitokea kati ya vibanda vya mitumba na sidiria nyekundu kwenye pembe moja, akasimama mbele yao kabisa, pale mteremko ulipokuwa mkali. Edinah akabana breki zote mbili. Gurudumu la nyuma likafagia kokoto kushoto, likafagia kulia. Kitu cha moto kilimwagika mgongoni mwake, kati ya mabega, kikashuka uti wa mgongo wote hadi kwenye kamba ya suruali. Ngozi yote ikapiga kelele. Miguu ikasema ruka.

Hakuruka. Alikaza meno, akakaza magoti, akakaa. Pikipiki ikasimama wima, mguu wake wa kushoto umekanyaga chini na wa kulia uko kwenye breki, mahali pake. Fahali alimtazama, akafikiria, akaenda zake na sidiria.

"Mzee?" Edinah akauliza bila kugeuka.

"Niko," sauti ikajibu kutoka juu kidogo kuliko ilivyopaswa. "Endelea."

Walifika steji. Injini ikazimwa. Kila shingo ikanyooka kutazama ndani ya bilauri. Bilauri ilikuwa kavu. Kulikuwa na jani moja tu la chai limeganda chini.

"Basi," Duke akasema, na mkono wake ukafika kwenye msumari. "Sheria ni sheria. Pole, shemeji."

"Acha hiyo," Suleman akasema.

"Mwenyekiti, bilauri ni tupu. Na mgongo wake umelowa, kila mtu anaona."

"Nimesema acha."

Suleman alishuka polepole. Akavua kofia yake, akajipangusa kipara, akairudisha. Wanaboda wakasogea karibu, kwa kuwa mzee alionekana kama mtu anayetafuta njia ya kupita na haioni.

"Nimebebwa na nyinyi wote," akasema. "Wewe Onditi ulinibeba. Ng'ombe hakuwepo. Leo ng'ombe alikuwepo. Huyu mama alishika breki, na chai haikumwagika. Ilikuwa ndani. Mimi niliyekaa nyuma ndiye niliyetaka kuruka." Akaigeuza bilauri mkononi. "Nilinyanyua mguu. Nikasahau kwamba nina chai. Nikammwagia moto mgongoni, huyu mwanamke, chai ya Ruqia, mnaijua ilivyo. Na yeye akakaa."

"Lakini sheria..." Duke akaanza.

"Sheria ni chai irudi kama dereva anajua kazi. Chai iliangushwa na abiria." Akachukua kizibao msumarini, chini ya mkono wa Duke. "Sijawahi kuaibika hapa, na sitaki kuzoea. Chukua, mama."

Mtu mmoja alianza kupiga honi. Kisha mstari wote ukapiga. Kutoka kwenye mkokoteni Angwenyi alikuwa akisema kitu ambacho hakuna aliyekisikia, na macho yake yalikuwa yamelowa, akaulaumu moshi wa jiko la Ruqia. Ruqia akaja na kitambaa cha maji baridi, akakiingiza mgongoni mwa Edinah bila kuomba ruhusa. Duke alitafuta mtu wa kumweleza kwamba yeye alikuwa upande wake tangu mwanzo.

Honi zilipokwisha, Onditi alimwonyesha Edinah mwisho wa mstari kwa kidole.

"Mpya anakaa mwisho. Usifikiri kwa sababu umeungua utakaa mbele."

"Sijaomba mbele," Edinah akasema.

Akaisukuma pikipiki hadi mwisho wa mstari, nje ya kivuli, akakaa juu yake. Kizibao kilikuwa kipana, kilimfika karibu na magoti. Jua lilipanda. Wa kwanza aliondoka na mwalimu, wa pili na gunia la mkaa. Mstari ukasogea, naye akasogea. Alipofika mbele, mgongo ulikuwa ukiwaka kama kikaango, na hakukuwa na abiria.

Kisha akatokea mama mmoja kutoka sokoni, kuku wawili kwapani, begi la mabega, amevaa rinda refu. Akamtazama Edinah, akamtazama Onditi, ambaye alikuwa amesharudi na kupanga nyuma yake, akamrudia Edinah.

"Dereva ameenda wapi?"

"Ni mimi."

Yule mama akamgeukia Onditi kwa macho ya kuomba. Onditi akaanza kukagua kucha zake.

"Foleni ni foleni, mama," akasema bila kuinua kichwa.

Yule mama akasimama akipima. Akasogea, akainamisha sauti, akatabasamu.

"Naenda zahanati, hapo tu. Si utanipunguzia, mama mwenzangu?"

"Hawa wanaume huwa wanakupunguzia?"

"Hapana."

"Basi bei ni hiyo hiyo," Edinah akasema, akapiga kiki. "Panda."